Sumaku katika nyota iliyokufa: uga wa vibete vyeupe unatoka wapi?

Februari 2024, wanaastronomia waliokuwa wakitumia darubini ya VLT huko Chile walitangaza kwamba wameona kovu la metali kwenye uso wa nyota iliyokwisha kufa, na kwamba kilicholiweka kovu hilo mahali pake ni sumaku ya nyota yenyewe. Habari ilisambaa, na maswali yakaifuata. Nyota iliyokufa inapataje sumaku? Chuma chake kiko wapi? Na sumaku ya namna hiyo haiwezi kutufikia huku tuliko? Ni maswali ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba majibu mengi yanayopitishwa mitandaoni yanachanganya nyota za aina mbili tofauti, kisha yanamwacha msomaji na hofu isiyo na sababu. Hapa nataka tuende taratibu, kwa sababu jambo lenyewe ni zuri kuliko uvumi wake.

Tuanze na nyota. Jua linawaka kwa kuunganisha viini vya hidrojeni kuwa heli. Kazi hiyo ina mwisho. Baada ya takriban miaka bilioni 5 hidrojeni ya kitovuni itakuwa imekwisha, Jua litavimba na kuwa jitu jekundu, matabaka yake ya nje yatatawanyika angani, na katikati kitabaki kiini kitupu chenye joto kali. Kiini hicho ndicho kibete cheupe. Kwa kawaida kina uzito unaozidi kidogo nusu ya Jua, uzito wote huo ukiwa umeshindiliwa katika umbo lenye ukubwa wa Dunia. Sentimita moja ya ujazo ya kitu hicho ina uzito wa karibu tani moja. Sehemu yake kubwa ni kaboni na oksijeni. Hakuna tena kinachowaka ndani. Kinang'aa kwa joto lililosalia tu, na kadiri miaka inavyopita kinazidi kupoa. Ndiyo maana twasema nyota imekufa. Lakini kupoa huko huchukua mabilioni ya miaka, na ndani ya muda huo kuna mambo yanayoendelea kutokea.

Kibete cheupe kilicho karibu nasi kuliko vyote kipo mahali ambapo kila mtu wa Afrika Mashariki ameshapatazama. Jioni za Februari na Machi, Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, hupita karibu na utosi. Mwaka 1844 Friedrich Bessel alionyesha kwamba Sirius inayumba kidogo katika mwendo wake, kana kwamba kuna kitu kizito kisichoonekana kinachoivuta. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark, akijaribu lenzi mpya huko Marekani, akakiona: nukta hafifu kando ya mng'ao mkubwa. Hiyo ndiyo Sirius B, yenye uzito sawa na wa Jua na ukubwa ulio chini kidogo ya wa Dunia. Yenyewe haimo katika orodha ya vibete vyenye sumaku, na hilo ni la kukumbuka: si kila kibete kina uga unaopimika.

Sasa ule mchanganyo. Nyota zilizozaliwa na uzito unaozidi takriban mara 8 ya Jua haziishii kuwa vibete vyeupe. Nyingi hulipuka na kuacha nyota nyutroni, tufe la kilomita 20 hivi kutoka upande hadi upande. Baadhi ya nyota nyutroni zina sumaku kali mno, nazo huitwa magneta. Zile simulizi za sumaku ya angani inayofuta kadi za benki kutoka mbali zimeanzia kwa magneta, kisha zikabandikwa kwa vibete vyeupe. Ni nyota nyingine, na nguvu nyingine.

Neno la pili la kulieleza ni uga wa sumaku. Maana yake ni eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi, iwe tunaiona au hatuioni. Wengi wetu tulifundishwa sumaku kwa kipande cha chuma na misumari, na tangu hapo tukaamini kwamba pasipo chuma hapana sumaku. Sivyo. Umeme wowote unaotembea huzaa uga wa sumaku. Hata uga wa Dunia hautoki kwenye pande la chuma lililogeuka sumaku, kwa sababu chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi, na kitovu cha Dunia kina maelfu ya nyuzi. Unatoka kwenye chuma cha majimaji kinachozunguka na kubeba umeme. Ndani ya nyota hali ni rahisi zaidi: joto limezing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, kwa hiyo nyota nzima ni kipitishio kizuri cha umeme. Anayeuliza chuma kiko wapi anatafuta kitu ambacho hakihitajiki.

Nguvu ya uga huu wanaastronomia huipima kwa gausi. Uga wa Dunia, ule unaogeuza sindano ya dira, ni kama nusu gausi, na sehemu nyingi ni chini ya hapo. Mashine za MRI za hospitali nyingi zina gausi 15,000 au 30,000. Sumaku kali kabisa za maabara zinazoweza kufanya kazi mfululizo hufikia takriban gausi 450,000. Vibete vyeupe vyenye sumaku huanzia maelfu ya gausi, vingi vina mamilioni, na vichache hukaribia gausi bilioni moja. Magneta ziko juu zaidi, gausi trilioni mia moja na kuendelea. Maana yake ni kwamba kati ya magneta na kibete kikali kuliko vyote kuna tofauti ya mara laki moja au zaidi. Mtu anayevitaja hivi viwili kana kwamba ni kitu kimoja amekosea pakubwa.

Lakini nani amekwenda kupima? Hakuna aliyekwenda, mwanga ndio uliokuja. Mwaka 1896, mjini Leiden, Pieter Zeeman aliweka mwali wa moto wenye sodiamu kati ya ncha za sumaku ya umeme. Alipoutazama mwanga wake ukiwa umetawanywa katika rangi zake, aliona mistari ya sodiamu ikipanuka sumaku ilipowashwa. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, pamoja na Hendrik Lorentz. Kilichotokea ni kwamba uga wa sumaku hugawa mstari mmoja wa mwanga kuwa kadhaa. Kadiri uga unavyokuwa mkali, ndivyo mistari inavyoachana.

Tazama jinsi inavyofanya kazi kwenye nyota halisi. Hidrojeni iliyo kwenye uso wa kibete hunyonya mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na kuacha mstari mweusi hapo. Kukiwa hakuna sumaku, mstari ni mmoja. Uga ukiwa gausi milioni moja, mstari unakuwa mitatu: mmoja unabaki katikati, na mwingine unasogea takriban nanomita 2 kila upande. Mtaalamu anapima umbali huo kwenye mchoro wake, anapiga hesabu, na anaupata uga wa nyota iliyo mbali miaka mingi ya nuru. Hakuna kubahatisha. Kwa upande wangu, katika elimu yote ya nyota kuna vipimo vichache vinavyonishangaza kama hiki.

Kwenye uga mkali zaidi, mambo yanageuka. Mwaka 1938 Rudolph Minkowski alichunguza kibete kiitwacho Grw +70°8247 akakuta mistari isiyolingana na ya elementi yoyote iliyojulikana. Kitendawili hicho kilikaa miongo mitatu. Mwaka 1970 James Kemp na wenzake walikipima kibete hichohicho kwa njia nyingine: walitafuta kama mawimbi ya mwanga wake yanazunguka kuelekea upande mmoja yanaposafiri, jambo ambalo uga mkali wa sumaku husababisha. Wakakuta ndivyo yalivyo. Huo ukawa uga wa kwanza kuthibitishwa katika kibete cheupe. Mistari yenyewe ilieleweka miaka ya 1980, hesabu za atomi ya hidrojeni ndani ya uga mkali zilipokamilika: ilikuwa hidrojeni ya kawaida, ila uga wa takriban gausi milioni 320 ulikuwa umeisukuma mistari yake mbali na mahali pake pa kawaida.

Hapa inafaa kutua kidogo. Uga wa kiasi hicho unaigusa atomi yenyewe. Katika maisha ya kawaida elektroni hushikiliwa na mvuto wa umeme wa kiini, na sumaku ni kitu cha pembeni. Ndani ya uga wa mamia ya mamilioni ya gausi, sumaku inaanza kushindana na kiini. Wingu la elektroni linabanwa kutoka pande zote na kurefuka kufuata mwelekeo wa uga, hivyo atomi inaacha kuwa duara. Mwaka 2012 wanakemia walionyesha kwa hesabu kwamba katika mazingira kama hayo atomi zinaweza kushikana kwa aina ya kifungo ambacho hakipo duniani. Hakuna maabara inayoweza kutengeneza uga huo ikaudumisha. Vibete ndivyo maabara tuliyo nayo.

Kuna kisa cha nyuma kinachostahili kutajwa. Mwaka 1947 Patrick Blackett, mwanafizikia wa Uingereza, alipendekeza kwamba kitu chochote kizito kinachozunguka kina usumaku kwa sababu tu kinazunguka. Kwa kipimo hicho vibete vyeupe vilitakiwa kuwa na uga mkubwa. Ili kulijaribu wazo lake alichukua silinda ya dhahabu safi yenye uzito wa kilo 15 hivi, akaipima katika kituo cha utafiti cha Jodrell Bank, Uingereza, kwa kifaa chenye wepesi wa ajabu wa kuhisi sumaku. Uga uliotarajiwa haukuwapo, naye akatangaza wazi kwamba nadharia imeshindwa. Vibete vyenye uga vilipatikana baadaye, lakini kwa sababu tofauti kabisa na aliyoifikiria.

Sababu hiyo ni ipi? Hapa ndipo ugomvi wa kweli ulipo, na hapa ndipo habari nyingi za mitandaoni hunyamaza. Husifu ukubwa wa namba na kuondoka. Kwa maoni yangu swali la uga una nguvu kiasi gani si zito kama swali la ulianza lini. Ukijua umri ambao nyota ilipata sumaku yake, unakaribia kujua nani aliyempa.

Jibu la kwanza na la zamani ni urithi. Uga ulikuwamo tangu nyota ilipokuwa hai, nao ukabaki. Mistari ya uga ndani ya gesi inayopitisha umeme vizuri huwa imeshikamana na gesi. Gesi ikisogea, mistari inasogea nayo. Chukua njiti za ufagio wa chelewa zilizotawanyika uwanja mzima, kisha zikusanye zienee kwenye kiganja kimoja. Hakuna njiti iliyoongezeka, lakini sasa zimebanana sana. Nyota nayo hufanya hivyo inapokuwa kibete: nusu kipenyo kinapungua mara 100 hivi, eneo la uso linapungua mara 10,000, na uga unakuwa mkali mara 10,000. Zipo nyota hai zenye uga wa maelfu ya gausi kwenye uso wake wote. Ukizidisha, unapata makumi ya mamilioni. Hesabu inapendeza, na kwa muda mrefu wengi waliridhika nayo.

Jibu la pili ni muungano. Nyota nyingi huishi mbilimbili, na wakati mwingine mbili hukaribiana hadi zikawa moja. Zinapochanganyika, gesi inazunguka kwa kasi tofauti sehemu tofauti, na mzunguko wa namna hiyo huweza kuzalisha uga mkali. Mfano wake bora ulitangazwa mwaka 2021: ZTF J1901+1458, kilicho umbali wa takriban miaka ya nuru 130. Kina uzito wa mara 1.35 ya Jua, lakini nusu kipenyo chake ni kilomita 2,140 tu, inayozidi kidogo ile ya Mwezi. Kinajizungusha mara moja kila dakika 7 hivi, na uga wake ni kati ya gausi milioni 600 na 900. Uzito mwingi, mzunguko wa kasi na uga mkali kwa pamoja ni alama za vibete viwili vilivyoungana. Nacho hakipo mbali na ukomo, kwani kibete kinachozidi takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua hakiwezi kujishikilia, kama Subrahmanyan Chandrasekhar alivyoonyesha kuanzia mwaka 1930.

Jibu la tatu ndilo jipya. Kibete kikishapoa vya kutosha, kitovu chake huanza kuganda kuwa fuwele. Vipimo vya nyota vya chombo cha angani cha Gaia vilivyochapishwa mwaka 2019 vilionyesha alama ya mgando huo: vibete hurundikana katika hatua fulani ya kupoa, kwa sababu kuganda hutoa joto na kuchelewesha safari. Sasa, kinapoganda, oksijeni huingia kwa wingi zaidi kwenye sehemu ngumu, na majimaji yanayobaki juu yanakuwa na kaboni nyingi, nayo ni mepesi, hupanda. Una kitovu kigumu, majimaji yanayopitisha umeme yanayokorogeka juu yake, na mwili unaozunguka. Hiyo ni dainamo, yaani mwendo wa kipitishio cha umeme unaozalisha sumaku, ya aina ileile inayotengeneza uga wa Dunia. Wazo hili lilitolewa mwaka 2017, na lilivutia wengi kwa sababu linaeleza jambo ambalo urithi pekee hauelezi vizuri.

Jambo hilo ni hili. Mwaka 2021 Stefano Bagnulo wa kituo cha nyota cha Armagh, Ireland Kaskazini, na John Landstreet wa Kanada, ambaye alikuwa mmoja wa wale wanne waliotangaza ugunduzi wa 1970, walichapisha uchunguzi wa vibete karibu 150 vilivyo ndani ya takriban miaka ya nuru 65 kutoka kwetu, hafifu kwa ving'avu. Waligundua kwamba zaidi ya kimoja katika kila vitano kina uga. Idadi za zamani zilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu tafiti zilipendelea vibete ving'avu, na ving'avu ndivyo vichanga. Wachanga wa uzito wa kawaida karibu hawana sumaku. Wazee wanayo. Sumaku ya kurithi isingetakiwa kuongezeka uzeeni.

Msomaji makini atauliza kama basi jibu la tatu limeshinda. Bado. Mtetezi wa urithi anaweza kusema uga ulikuwa umezikwa ndani, na umechukua mabilioni ya miaka kuchomoza juu. Tena hesabu za karibuni zinaonyesha kwamba mkorogo unaoletwa na kuganda ni wa polepole sana kwa sehemu kubwa ya muda wake, kwa hiyo ni vigumu kupata nao mamia ya mamilioni ya gausi. Ninavyoona mimi, tunakosea tukitaka jibu moja. Kibete kizito, kichanga na chenye uga mkali kimetokana na muungano. Kibete cha wastani kilichoonyesha uga dhaifu uzeeni kina historia nyingine. Kinachofanana ni jina tu.

Turudi kwenye lile kovu. Kibete chenyewe ni WD 0816-310, kilichopo umbali wa miaka ya nuru 63. Vibete vingi huonyesha dalili za metali kwenye uso, na tunajua zinatoka kwa mabaki ya sayari na asteroidi zilizoanguka juu yake, kwani metali zilizokuwapo mwanzo zilishazama. Ilidhaniwa kwamba metali hizo zinasambaa uso mzima. Kwenye kibete hiki, nyota ilipozunguka, alama za metali ziliongezeka na kupungua kwa zamu, na uga uliopimwa uliongezeka na kupungua pamoja nazo. Maana yake metali zimekusanyika sehemu moja, nayo ni ncha ya sumaku. Asteroidi ilivunjika, ikawa mvuke wenye chaji ya umeme, na uga ukauelekeza mvuke huo hadi kwenye ncha yake na kuuzuia usitawanyike. Kilicholiwa kilikuwa na ukubwa wa asteroidi Vesta au zaidi, yaani kilomita 500 hivi kwa kipenyo.

Imebaki hofu. Uga wa sumaku yenye ncha mbili hupungua upesi sana: umbali ukiwa mara mbili, uga unakuwa sehemu moja ya nane. Tuseme tumekichukua kibete chenye gausi bilioni moja tukakiweka pale Jua lilipo, kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Hesabu ya kawaida inatoa uga wa takriban gausi 0.0001 hapa duniani. Uga wa Dunia yenyewe ni mkubwa kuliko huo mara elfu kadhaa. Simu yako isingejua. Tungekufa kwa baridi, kwani kibete cha kawaida hakitoi mwanga kama wa Jua, lakini si kwa sumaku. Na hakuna kibete kilicho karibu hivyo. Sirius B ipo miaka ya nuru 8.6. Wanaosema sumaku kali huvuta chuma kutoka kwenye damu nao wawaangalie wagonjwa wanaotoka kwenye MRI wakiwa salama: chuma cha damu kimefungwa ndani ya molekuli, si vipande vya metali.

Kazi iliyobaki ni ya subira. Kupima mzunguko wa mawimbi ya mwanga kunahitaji mwanga mwingi, na vibete ni hafifu, ndiyo maana hesabu kamili imefanyika kwa majirani zetu tu. Darubini ya ELT inayojengwa Chile, yenye kioo cha mita 39, itasaidia kufika mbali zaidi. Watafiti wanatafuta hasa vibete vya uzito wa wastani ambavyo bado havijaanza kuganda. Kila kimoja kinachopatikana na uga ni ushahidi kwamba dainamo ya fuwele si chanzo pekee, na vichache vya namna hiyo vimeshapatikana.